Nani Anashika Mnyororo? Kisa cha mbwa aliyefumuka nyuzi siku ya tano

Jumapili, saa tatu asubuhi, niko mezani na chai yangu, simu ikalia. Ni picha ya WhatsApp, imepigwa haraka na mkono usiotulia: tumbo la mbwa, ngozi imeachama, wekundu katikati, nzi wawili pembeni. Chini yake mama mwenye mbwa kaandika maneno manne: "Daktari, huyu ulimshona kweli?"

Nilimshona. Ilikuwa Jumanne ya wiki hiyohiyo, kwa mikono yangu, na nilitoka pale nimeridhika kama fundi aliyemalizana na mteja mgumu. Kwa hiyo picha ile iliponifikia, sikumwaza mbwa kwanza. Nilijiwaza mimi: fundo gani limeachia? Kisa hiki nakiandika kwa sababu jibu nililitafuta kwenye uzi, nikalikuta getini.

Mgonjwa na mshono wake

Nimwite Sheba, si jina lake, ila linamkaa. Ni jike, chotara mwenye damu ya German Shepherd, miaka minne, kilo 22, mlinzi wa nyumba yenye uwanja mpana chini ya milima ya Uluguru, upande wa Bigwa, Morogoro. Alikuwa ameshazaa mara mbili, vilebu saba kila uzao, na kila akiingia joto madume wa mtaa mzima walikesha kwenye uzio. Mama akachoka kutafuta watu wa kuwapa vilebu. Akamleta atolewe kizazi.

Kabla ya kumlaza nilimpima kama ninavyowapima mbwa wote wa huku. Kupe kwetu hawapumziki, na kuna ugonjwa wa kupe unaopunguza chembe sahani za damu kimyakimya: mbwa unamwona mzima, ukimkata damu inagoma kuganda. Fizi za Sheba zilikuwa na rangi nzuri, hazina madoadoa, joto lake nyuzi 38.7, na tone la damu nililolitazama kwenye hadubini halikunipa shaka. Nikampa nusukaputi, nikatoa ovari zote mbili na mfuko wa uzazi kwa mkato wa sentimita sita chini ya kitovu, nikafunga.

Kufunga kwenyewe kuna tabaka tatu, na bila kuzijua hizo, kidonda cha tumbo hakisomeki. Chini kabisa uko utando mweupe, mgumu, unaokutanisha misuli ya tumbo ya kulia na ya kushoto. Huo ndio unaozuia utumbo usitoke nje, na nimeushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Juu yake kuna mafuta na nyama laini, nazo zimeshonwa kwa uzi wa kuyeyuka. Juu kabisa ngozi: nyuzi nane za nailoni, ambazo hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Wenye mbwa huhesabu hizi nane kana kwamba ndizo zilizobeba tumbo zima, kwa kuwa ndizo wanazoziona. Ngozi ikiachia, una kidonda. Utando ukiachia, una utumbo sakafuni.

Siku tatu hadi tano za mwanzo jeraha halina nguvu yake lenyewe. Linaning'inia kwenye uzi. Mwili bado unafagia, chembe nyeupe za damu zinakula vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, ndiyo maana kingo huvimba kidogo na kupata joto. Kazi ya kusuka nyama mpya inakuja baada ya hapo, na haina haraka. Hata likifika wiki ya tatu likiwa limepona vizuri, jeraha lina kama asilimia 20 ya nguvu ya ngozi iliyokuwapo, na mwisho wa yote huishia karibu asilimia 80. Siku ya tano, basi, ni siku ya hatari kuliko inavyoonekana. Maumivu yamepungua, mbwa anataka kukimbia, mshono umeanza kuwasha, na watu wa nyumbani wameshaacha kuutazama.

Maswali ya simu

Nilimpigia Mama kabla ya kuwasha pikipiki. Kuna kitu chochote kinachotokeza kwenye kidonda, chenye kung'aa, cha waridi au cha kijivu? Tangu Ijumaa kumekuwa na majimaji ya rangi ya maji ya damu yanayoongezeka, au nundu laini inayojitokeza akisimama? Amekula?

Swali la kwanza lingejibiwa ndiyo, ningemwambia achukue kanga safi, ailoweshe maji yaliyochemshwa na kupoa, amzungushie tumbo, asijaribu kurudisha kitu ndani, mtu mwingine amshike kichwa, waingie kwenye gari dakika hiyohiyo. Kichwa kinashikwa kwa sababu mbwa anaweza kuutafuna utumbo wake mwenyewe. Nimeshaona. Swali la pili ni la utando: majimaji mekundu mepesi yanayoongezeka siku ya tatu, ya nne au ya tano mara nyingi ndiyo barua ya kwanza kwamba tabaka la chini linafunguka, hata kama nyuzi za juu zote zimesimama wima.

Akajibu hapana, hapana, na ugali kaumaliza pamoja na dagaa wake. Hapo nikapata pumzi ya kutafuta kofia ya pikipiki.

Kidonda kinavyosomwa

Nyuzi tano kati ya nane zilikuwa mahali pake. Katikati palikuwa na pengo la sentimita tatu, lina utelezi wa njano na harufu ya kuchacha, ngozi nyekundu yenye moto kwa upana wa vidole viwili kila upande. Kwenye manyoya ya ukingo vilibanana vijipunje vyeupe kama chenga za mchele: mayai ya nzi. Kwa joto letu mayai hayo hayamalizi siku moja kabla ya kuanguliwa. Mabuu hawakuwapo bado, na hiyo ilikuwa bahati ya saa chache. Kipimajoto kilisoma 39.6, mbwa mzima aliyetulia huishia 39.2.

Nikavaa glovu safi nikapitisha kidole ndani ya pengo. Utando mweupe ulikuwa umekaza, hauna tundu. Juu na chini ya pengo, chini ya ngozi iliyobaki imefungwa, nilihisi tuta jembamba, gumu, kama kamba iliyozikwa. Ukilikuta tuta hilo siku ya tano, shukuru: ni nyama mpya inajengwa. Wenye mbwa wengi huliogopa wakidhani ni uvimbe, wakaanza kulikanda kwa maji ya moto. Msilikande.

Kisha nikageukia nyuzi tatu zilizokosekana, na kusema kweli nilikuwa najitafutia pa kuponea. Uzi huacha ushahidi. Fundo likifunguka lenyewe, uzi hutoka mzima na matundu yake kwenye ngozi hubaki ya duara, hayajachanika. Ngozi ikishindwa kushika, uzi unabaki na fundo lake lakini umepita katikati ya ngozi kama waya unavyopita kwenye mche wa sabuni. Uzi ukikatwa na kitu, unakuta vipande. Kwa Sheba uzi mmoja ulikuwa umechana ngozi iliyolowa na kulainika. Nyuzi mbili zilibaki upande mmoja, mafundo yake yakiwa mazima kabisa, ncha zimetafunwa. Manyoya mafupi ya tumboni yalilala upande mmoja kama yamepigwa brashi.

Hayo ni meno, na brashi ni ulimi. Fundo langu lilikuwa zima. Nilifurahi kwa muda mfupi, na furaha hiyo si ya kujivunia, maana kidonda kilikuwa wazi vilevile.

Mambo mengine niliyapitia nisije nikajipendelea. Damu isiyoganda? Fizi zilikuwa safi, hakuna michubuko tumboni, na usaha haukuchanganyika na damu. Uchafu wa chumba cha upasuaji? Ungetunga usaha chini ya ngozi iliyofungwa, na sehemu za juu na chini za mshono zisingekuwa kavu namna ile. Bado palikuwa na swali moja la kawaida sana. Mbwa huyu aliondoka kwangu amevaa kola ya plastiki, ile pana kama mdomo wa tarumbeta. Iko wapi?

Ilikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, imetundikwa kwenye msumari, safi, haina hata mkwaruzo.

Getini

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, Daktari. Karibu."

Mlinzi ni mzee wa miaka sitini na kitu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Kwenye meza yake palikuwa na daftari la wageni na rundo la magazeti ya zamani yaliyokunjwa vizuri. Nikamuuliza kola alimvua lini.

"Jumatano ileile jioni. Sasa angekulaje? Anagonga sufuria, chakula kinamwagika, anakitazama tu. Nikamwonea huruma."

"Alikuwa analamba?"

"Usiku kucha. Nikasema vizuri, mate ya mbwa si dawa?"

"Na usiku alikuwa analala wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea upande gani. "Usiku yuko kazini."

"Jana je? Naona ngozi imelowa."

"Jana si Jumamosi? Jumamosi ni siku ya dawa ya kupe. Nilimwogesha kama kawaida, ila pale penye nyuzi nilipitisha taratibu."

Hakuna jibu la kijinga hapo. Kola imemzuia mbwa kula, akaivua. Mate ni dawa, kila mtu kasikia hivyo tangu utotoni. Mbwa ni mlinzi, akamwachia alinde. Jumamosi ni ya dawa, akatimiza ratiba ambayo mimi mwenyewe, mwaka uliotangulia, ndiye niliyeipanga.

Nikamuuliza karatasi ya maelekezo. Hajaiona. Mama akaitafuta, ikapatikana kwenye gari, chini ya kiti cha abiria. Ilikuwa ya Kiingereza. Fomu nzuri, imechapwa, ina nembo juu, imeeleza kila kitu: kola muda wote, asioge, asikimbie, tazama kidonda mara mbili kwa siku. Mama alikabidhiwa Jumatano akiwa na simu sikioni na gari likiunguruma, nami nilisoma mstari kwa mstari nikamaliza na dhamiri safi. Mama huondoka saa kumi na mbili asubuhi, hurudi usiku. Sheba kwa wiki humwona labda saa tano zote pamoja. Mtu anayekaa naye, anayempikia ugali, anayemfungua mnyororo saa mbili usiku na kumfunga alfajiri, ni mzee huyu anayesoma gazeti mpaka tangazo la mwisho. Kwa Kiswahili.

Nilisoma udaktari wa mifugo miaka mitano, na nikashona tumbo kwa dakika arobaini. Sikuuliza nani anashika mnyororo.

Mate, maji na dawa ya kupe

Niliyomweleza mzee pale kibandani nayarudia hapa, kwa sababu imani ya mate ina mizizi. Haikuzuka hewani. Mate ya mbwa yana vitu vinavyoua aina chache za vijidudu, na mnyama wa porini mwenye kidonda chenye mchanga akikilamba anakipunguzia uchafu. Lakini mdomo huohuo unakaa na vijidudu vya kila namna, unalamba makalio na kuokota mizoga, na ulimi wa mbwa una makali ya msasa laini. Ukilamba jeraha lililoshonwa safi, haukuti uchafu wa kuondoa. Unachokuta ni utando mwembamba wa seli mpya, unaukwangua, unalowesha ngozi mpaka uzi unazama ndani yake, na unaacha vijidudu ndani. Baada ya hapo huja meno madogo ya mbele, yale anayotolea viroboto. Nailoni kwake ni kiroboto kilichokwama. Kazi hiyo haihitaji usiku kucha, dakika kumi zinamtosha.

Kuogesha kuna madhara mawili. Maji yenyewe huvimbisha ngozi na kusukuma uchafu wa manyoya kwenye matundu ya uzi, kwa hiyo mbwa aliyeshonwa haogi mpaka nyuzi zitoke na siku mbili tatu zipite. Dawa ya kupe inaongeza la pili. Ile ya maji tunayoogeshea mbwa huku mara nyingi ni amitrazi, ndugu ya ile ya josho la ng'ombe, na haipakwi kwenye kidonda kilicho wazi, maana huingia mwilini kwa wingi, ikamlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Mzee alikumbuka kwamba Jumamosi jioni Sheba alilala mapema "kama mgeni". Alidhani ni uchovu.

Nilichokifanya, na nilichokiacha

Mama alitaka nimshone tena palepale. Ni ombi la kawaida na wako madaktari ambao wangekubali. Mimi nilikataa. Kidonda chenye usaha ukikifunga juu, umejenga chumba cha usaha kisicho na mlango. Kitapasuka baada ya siku nne na safari hii kitachukua tabaka la chini. Kama pengo lingekuwa refu zaidi, ningekiacha wazi siku tatu nne mpaka kitakate ndipo nikishone. Sentimita tatu za ngozi peke yake, mwili wa mbwa kijana unazivuta wenyewe.

Nikampa dawa ya kumtuliza, nikanyoa upya pande zote, nikaondoa mayai ya nzi kwa koleo punje kwa punje. Nikatoboa chupa ya dripu ya chumvi, nikavuta kwa bomba la mililita 20 lenye sindano pana na kukisukumia kidonda maji kwa nguvu ya kidole gumba, tena na tena, mpaka nusu lita ikaisha. Pamba sikuitumia: huacha nyuzinyuzi na kukwaruza. Nyama iliyokufa ukingoni nikaikata, na kile kipande cha uzi kilichokuwa kinaendelea kuchana ngozi nikakitoa. Antibiotiki nilimpa, amoksisilini yenye klavulaneti kwa siku saba, kwa sababu safari hii palikuwa na homa na usaha. Siku ya upasuaji sikumwandikia vidonge vya kwenda navyo nyumbani, na sijutii. Kuna kasumba ya kumjaza kila mbwa antibiotiki za siku kumi baada ya kushonwa, kana kwamba kidonge kitamzuia ulimi.

Kwa usafi wa nyumbani nilimwelekeza mzee achemshe lita moja ya maji, atie chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, iwe bapa, iachwe ipoe, na aoshee hayo asubuhi na jioni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dada wa jikoni akauliza kuhusu spiriti. Spiriti inaua vijidudu, inaua na nyama mpya, na inamfanya mbwa akuone adui. Haidrojeni peroksaidi, ile inayotoka povu na kufurahisha macho, nayo inaunguza seli zilezile tunazozisubiri. Majivu, oili chafu, dawa ya meno na poda: hapana kwa vyote. Mama akataka kujua kama anaweza kumpa nusu ya kidonge chake cha diklofenaki mbwa akilia. Dawa za maumivu za binadamu za aina hiyo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na Sheba tayari alikuwa kwenye meloksikamu, dawa ya maumivu niliyompimia kwa uzito wake. Hiyo inatosha.

Nikaweka asali pia. Asali nzito, isiyochanganywa maji, huvuta majimaji kutoka kwenye kidonda na kunyima vijidudu maji ya kuishi. Hospitali hutumia ile iliyosafishwa maalumu, mimi nilikuwa na ya Tabora. Kesho yake saa moja asubuhi mzee akanipigia. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka tumboni kwa mgonjwa. Tukaacha asali.

Kola, sufuria na fulana

Sehemu iliyobaki ndiyo iliyomponya Sheba, na nyingi ilitoka kwa mzee.

Kola lazima ipite pua kwa kama vidole vitatu. Ikiwa fupi, mbwa hujikunja na kufika. Kola yetu ilikuwa na urefu unaofaa, na ndiyo maana ilimzuia kula: sufuria yake ilikuwa ya shimo, pana kuliko mdomo wa kola. Mzee akatafuta bakuli jembamba la plastiki, akaliweka juu ya matofali mawili. Kola ikalimeza bakuli zima, Sheba akala bila kugonga kitu. Tatizo la siku nne lilikwisha kwa matofali mawili. Maji vilevile. Ningemwona akila mara moja tu Jumatano, ningejua.

Asiyekuwa na kola hakosi ndoo ndogo ya plastiki: toboa kitako kwa ukubwa wa shingo, funika ukingo uliokatwa kwa kitambaa au bomba la mpira lililopasuliwa, toboa matundu manne na upitishe mkanda wa shingoni. Haipendezi, inafanya kazi.

Usiku lilikuwa suala zito zaidi. "Na akija mwizi?" mzee aliuliza, na mwenye kuuliza hivyo ndiye anayelala pale, kwa hiyo nilijibu kwa adabu. Mbwa mwenye kola anabweka kama kawaida. Asichoweza ni kurukia uzio, na kurukia uzio ndiko kutakakomfumua. Tukakubaliana Sheba alale ndani ya kibanda cha mlinzi, mnyororo mfupi, juu ya gunia linaloanikwa juani kila siku, akibweka mzee atoke na tochi. Siku kumi na nne. Mama akamwongezea mzee posho ya wiki hizo mbili, jambo ambalo sikulipendekeza mimi na ambalo huenda lilisaidia kuliko dawa zangu.

Fulana ilikuwa wazo la dada wa jikoni. Fulana ya kampeni ya miaka iliyopita, chama sisemi, kichwa kinapita shingoni, miguu ya mbele kwenye mikono, ziada inafungwa fundo kiunoni na kulegezwa akienda kukojoa. Inazuia nzi na vumbi, inaacha hewa ipite. Niliongeza sharti moja: ipigwe pasi kila ikifuliwa, mishono yote, hata kama imekauka. Kwetu kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na mabuu wake huingia kwenye ngozi ya binadamu na ya mbwa wakawa kama majipu. Kina mama wanaopiga pasi nepi wanalijua hili zamani. Mbwa aliyevaa nguo anastahili pasi hiyohiyo.

Siku zilizofuata

Picha ya kidonda ilitumwa kila jioni kupitia simu ya dada, kwa agizo langu: mahali palepale, mwanga uleule, kibiriti kimewekwa pembeni. Bila kibiriti, kidonda kwenye simu kinakua na kupungua kwa kadiri mpiga picha alivyosogea. Siku ya nane tangu upasuaji wekundu wa ngozi ulikuwa umerudi ndani na joto limeshuka hadi 38.8. Siku ya 11 pengo lilijaa nyama mpya, nyekundu, yenye vijipunje kama komamanga lililopasuliwa, na Mama akaniandikia kwa hofu kwamba kidonda "kimeoza". Nilimwambia hiyo ndiyo sura tunayoitaka. Nyama hiyo ina mishipa mingi midogo na hutoka damu ukiigusa, basi usiiguse.

Kulikuwa na siku moja mbaya, ya 12. Mvua ilinyesha usiku, paa la kibanda likavuja, fulana ikalowa na Sheba akalala nayo. Asubuhi ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama ya vidole vilivyokaa kwenye maji. Mzee alimvua, akamkausha kwa shashi, akamwacha kivulini kifua wazi, kola shingoni, huku akikaa naye mpaka adhuhuri. Aliniarifu alipokwisha kufanya yote hayo.

Siku ya 14 nilitoa nyuzi tano zilizobaki. Unainua fundo kwa koleo, unakata upande mmoja chini yake karibu na ngozi, unavuta, ili kipande kilichokuwa nje na uchafu wake kisipite ndani. Pengo lilikuwa limejivuta mpaka upana wa punje ya mahindi. Siku ya 24 lilikuwa mstari wa waridi usio na manyoya.

Fomu ya Kiingereza ipo bado, inakaa kwenye faili. Ninayoitoa sasa ni nusu karatasi ya Kiswahili, herufi kubwa, ya kubandikwa bandani: kola usiku na mchana mpaka daktari aivue, haogi, hata dawa ya kupe, halindi, hakimbii, anatembea kwa mnyororo, ukiona harufu, nzi, majimaji au uzi umekosekana, piga namba hii, hata usiku. Na siitoi mpaka nimeongea na anayemlisha mbwa, kama ni kwa simu basi kwa simu. Baadhi ya wenye mbwa huudhika. "Daktari, mimi ndiye ninayelipa," mmoja aliniambia. Nikamwomba namba ya kijana wake.

Siku ya 24 niliyokwenda kumwona Sheba, mzee alikuwa amemtoa matembezini. Nikakaa kwenye benchi lake nikafungua daftari la wageni. Kati ya namba za magari na majina ya mafundi bomba, kila jioni palikuwa na mstari wa mbwa, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa shule ya zamani. "Saa 1 usiku. Mbwa. Majimaji kidogo." "Saa 1 usiku. Mbwa. Pakavu. Amekula." "Saa 11 alfajiri. Mbwa amelowa, paa." "Saa 1 usiku. Mbwa. Hakuna nzi." Nikarudi nyuma mpaka Jumapili ile ya kwanza, nikalikuta ingizo langu: "Saa 4 asubuhi. Daktari, pikipiki. Hakusaini."